Punje ya Nyuma ya Sikio

Nilianza kushuku siku Yusta Kihwele aliponishukuru.

Ngoja nieleze vizuri. Mimi ni Mngoni, Yusta ni Mhehe, na kwetu hilo peke yake linatosha. Babu zetu walipigana vita mpaka wakachoka, na walipochoka wakaona afadhali waendelee kwa maneno. Ndio utani wetu. Mngoni akikutana na Mhehe lazima atupe tusi, na Mhehe lazima alirudishe likiwa limeongezwa uzito. Anayenuna ndiye aliyeshindwa.

Yusta alipoingia kidato cha kwanza pale shule ya Lukwambe ninapoendesha gari, kitoto chembamba kinachoburuta sanduku kubwa kuliko chenyewe, nilimwambia mbele ya wenzake, "Kumbe siku hizi Wahehe mnasoma? Basi mbwa wangu nitamfungia ndani msije mkamla, na kitasa nitabadilisha."

Akanitazama juu mpaka chini. "Shikamoo, babu. Mfungie tu. Ila na wewe jifungie, maana ninyi mlango ukigongwa mnakimbia mpaka mnavuka mto. Ndivyo mlivyofika Songea."

Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika boneti la gari nisianguke. Nikajua huyu ni mtoto wa rafiki yangu Lazaro kweli.

Sasa alikuwa kidato cha nne. Asubuhi hiyo alipita karibu na gari la shule, chupa ya maji mkononi kama wenzake wote, nami nikamtupia, "Wewe Mhehe, mbona unanyata hivyo? Umemwona mbwa wa nani?"

Akasimama. Akanywa funda moja la maji.

"Asante, babu," akasema. "Maoni yako nimeyapokea."

Akaenda zake. Nikabaki na kitambaa cha kufutia vioo mkononi, sijui nifute nini.

*

Nimetembea sana mimi. Nimechimba vito Tunduru, nimepika kwenye kambi za barabara Mpanda, nimevuka mpaka wa Zambia nikarudi nikavuka tena. Shule nilisoma kwa vipande, mwaka huku, nusu mwaka kule, kila mahali nikiondoka kabla ya mtihani. Jambo moja nimelijua: mahali penye vijana wengi pakiwa na kimya, kuna kitu.

Na Lukwambe palikuwa na kimya. Timu ikifungwa mpira inapiga makofi. Kengele ya kulala ikilia taa zinazimika mabweni yote kwa pamoja, kama mtu mmoja amefumba macho. Jikoni mboga za majani zinaisha kabla ya wali. Hakuna anayekimbia kwenye korido, hakuna anayelia chooni, hakuna aliyechora ukuta. Kelele pekee ilikuwa juu angani, zile ndege ndogo zisizo na rubani zikipeleka maparachichi Makambako.

Yote hayo ni kazi ya punje. Ni kitu kidogo, ukubwa wa punje ya hindi, rangi ya ngozi. Inabandikwa kwenye mfupa nyuma ya sikio na inashika hapo kama kupe. Inasikiliza damu na pumzi. Ikiona mtoto anapandwa na kitu, hasira, hofu, mtihani, mapenzi, vyovyote vile, inatetemeka taratibu juu ya mshipa unaoshuka shingoni kwenda kwenye moyo na tumbo, na mwili unatulia kama mtoto anayepigwapigwa mgongoni. Inakukumbusha kunywa maji. Inakukumbusha kulala. Watu wa mashati meupe walioileta walisema haimtawali mtoto, inamfundisha tu kujitawala, kama magurudumu mawili madogo ya baiskeli ya mtoto. Siku moja utayatoa naye hataanguka.

Na mimi sikuichukia. Lazima niseme hivyo, nisionekane mzee anayechukia kila kipya. Kabla ya punje, bweni la wavulana lilichomwa moto wiki ya mitihani, na waliolichoma walikuwa wanalala humo humo. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka watoto hospitali. Niliwahi kumbeba mmoja ambaye hakuwa amekula wala kulala, akaniuliza njiani kama akifa atasamehewa hesabu. Yusta mwenyewe, kidato cha pili, alikuwa ananyofoa nywele zake moja moja akiwa anasoma, mpaka utosini pakabaki peupe. Punje ikaja, nywele zikaota.

Kwa hiyo nilikuwa nashuku, lakini nilikuwa sijui nashuku nini.

*

Miezi ilipita. Jumatano moja Mkuu wa shule, Madam Chengula, aliniita ofisini. Nilimkuta Yusta ameketi mgongo umenyooka, chupa ya maji magotini. Ukutani kilikuwepo kioo kikubwa chenye nukta kinachosoma punje zote, kila nukta mwanafunzi mmoja. Zote kijani.

"Mzee Mbano," Madam akasema, "utampeleka Yusta kwao. Baba yake amefariki."

Alivyosema ni hivyo hivyo, kama anavyosema gari likaoshwe. Hakuna aliyekumbuka kwamba Lazaro alikuwa mtu wangu. Ni yeye aliyenitafutia kazi hiyo ya udereva. Tumetukanana mimi na Lazaro tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi, na siku za ulanzi, ile pombe ya mianzi, tulikuwa tukikaa chini ya mianzi yake, yeye akigema na kudanganya, mimi nikinywa na kukanusha. Nikashika kiti, lakini sikukikalia.

"Pole, mjukuu wangu," nikamwambia.

"Asante, babu. Nimeshapokea."

Madam alitabasamu kidogo, lile tabasamu la mwalimu ambaye mwanafunzi wake amejibu vizuri mbele ya mkaguzi. "Unaona? Zamani angekuwa chini hapa anagaragara. Mtihani wa taifa unaanza Jumatatu. Baba yake angetaka afanye."

"Madam, huyu mtoto anajua kwamba baba yake amekufa?"

"Mzee Mbano, angalia rangi yake."

Nikaangalia. Nukta ya Yusta ilikuwa kijani kama majani ya chai.

Akanipa sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kamba. Kila anayesafiri na mwanafunzi hupewa, kwa ajili ya ajali au hospitali, maana punje haitoki kwa ukucha. "Usiitumie," akasema. "Ikitoka, nukta inakuwa nyekundu, na mwenye nyekundu haingii chumba cha mtihani. Unajua sababu. Uliliona bweni likiungua."

Niliona. Nikaivaa sumaku shingoni, nikaificha ndani ya shati.

*

Njiani nilikuwa namtazama kwa kile kioo cha juu. Gari za umeme hazina mngurumo wa kuficha kimya, ukinyamaza, mmenyamaza. Tulipopita msitu wa misindano nilimwona anapeleka kidole nyuma ya sikio. Akabonyeza, akabana pumzi mpaka mashavu yakajaa, kisha akaachia taratibu, na macho yake yakalegea. Baada ya kona mbili akafanya tena. Na tena.

"Inakuwasha?"

"Hapana, babu."

"Sasa unaibonyeza ya nini?"

Hakuona aibu. Alinijibu kama anayenielekeza stendi. "Ukiibonyeza na kubana pumzi inadhani umezidiwa. Inakupa nyingi."

"Nyingi nini?"

"Ile... utulivu."

"Nani kawafundisha?"

"Hakuna. Sote tunajua tu. Wengine hawalali mpaka waibonyeze. Kuna dada mmoja wa bweni letu, kile kidole chake kimeota sugu."

Nikapunguza mwendo. Miezi yote hiyo nilikuwa nashuku shule, nashuku Madam, nashuku wale watu wenye mashati meupe wanaokuja na masanduku yao. Nilidhani kuna mtu mahali fulani anawazima watoto hawa. Kumbe wanajizima wenyewe.

"Tangu wamekuambia habari za baba, umeshalia?"

Akafikiri. "Nilitaka kuanza," akasema. "Nikabonyeza."

*

Tulifika wakati jeneza linatolewa nje, jeneza jepesi la mianzi iliyosukwa. Lazaro mwenyewe angelisifu. Mama Yusta alimkumbatia mwanawe akilia, na Yusta akampigapiga mgongoni na kumwambia anywe maji. Wanawake waliokuwa kwenye mkeka walitazamana. Mmoja alinong'ona, "Mtoto ana moyo huyu," lakini hakusema kama anayesifu.

Sasa mimi nilikuwa na kazi yangu. Kwetu mtani hakai msibani na kukunja uso kama wengine. Nilichukua koti la mvua la Lazaro kwenye msumari, lile la kijani lenye kiraka, nikalivaa. Nikatembea kama yeye, bega moja chini. Nikakohoa, maana Lazaro alikuwa hawezi kudanganya bila kukohoa kwanza, nikasema kwa sauti yake, "Eeeh, ulanzi huu, khoo! Sijautia maji hata tone!"

Watu waliokuwa wanalia wakacheka hukohuko kwenye machozi. Ndiyo kazi yenyewe. Nikaendelea hivyo mpaka makaburini, na jeneza lilipowekwa ukingoni nikaruka shimoni, nikakaa chini, nikakunja miguu.

"Sitoki!" nikapiga kelele. "Mhehe huyu amekufa bila kunirudishia mbwa wangu! Mnizike naye hapahapa!"

Wakacheka tena. Mtani akishaingia kaburini hatolewi kwa mikono. Anatolewa kwa maneno, na maneno hayo ni ya mtoto wa kwanza wa marehemu. Lazima amtukane mpaka akubali. Mdogo wake Lazaro, Fidelis, akamsogeza Yusta mpaka ukingoni.

"Mtoe huyo Mngoni, mwanangu."

Nikamtazama toka chini. Nyuma yake mbingu nyeupe, yeye amesimama kama nguzo.

"Haya, Mhehe!" nikamwambia. "Baba yako alikuwa mwongo! Alikuwa mvivu! Mianzi yake ilikuwa inamcheka! Utasemaje?"

Kidole kikaenda nyuma ya sikio. Akabana pumzi. Akaachia.

"Asante, babu," akasema. "Maoni yako nimeyapokea."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mchanga ukidondoka kutoka kwenye kuta za shimo. Bibi mmoja akajifunika kanga usoni. Wale vijana wenye sepetu wakashusha sepetu. Nimeingia makaburi mengi kwa utani, na lile ndilo la kwanza nililoliona kuwa ni kaburi.

Mama Yusta akapiga magoti ukingoni. "Toka, Mzee Mbano. Nakuomba. Mwache mtoto. Ana mtihani."

"Sijamaliza kazi yangu, mama."

"Wewe hukumwona akinyofoa nywele usiku. Mimi nilikuwa naziokota kitandani. Toka!"

Ningeweza kutoka. Tungemzika Lazaro kimyakimya, Jumatatu mtoto angefanya mtihani, angefaulu, angekuwa mtu. Nani ajuaye kama si afadhali? Nikavua kamba shingoni. Nikaiweka sumaku kiganjani, nikanyoosha mkono juu, sikuitupa, sikumwambia lolote. Mkono wangu ulifika kwenye viatu vyake tu.

Yusta akaiangalia muda mrefu. Kisha akainama akaichukua, akaipeleka sikioni. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu amepasua kiroboto kwa kucha. Punje ikadondoka shimoni, ikaangukia goti langu.

Alisimama mdomo wazi. Rangi ikampanda kutoka shingoni. Akaangalia jeneza, akaniangalia mimi, akaangalia koti la baba yake mwilini mwangu, na nikaona hasira ikimjia kama maji yanayofunguliwa.

"Mngoni wewe!" akapiga kelele, na sauti ikakwaruza kama bawaba isiyofunguliwa siku nyingi. "Babu zako walikimbia toka kusini wanatafuta nchi, wakapewa nchi nzima! Leo umekuja kugombea shimo! Tena shimo la mtu! Toka humo! Baba yangu hakuwahi kulala chumba kimoja na Mngoni bila kukumbatia viatu vyake, hataanza leo! Baba yangu..."

Watu walilipuka kwa kicheko. Lakini lile neno la mwisho lilikuwa limeshamshika. Akalirudia, "Baba yangu," polepole, kama ndiyo kwanza anaambiwa, kisha akaanguka kifudifudi juu ya jeneza na kulia kilio ambacho sijawahi kukisikia Lukwambe tangu walete zile punje.

Nikatoka shimoni. Tukamzika Lazaro.

*

Jua lilipokuwa linaelekea milimani, Yusta alikuwa bado analia. Alikuwa ametapika. Alikuwa anatetemeka mikono mpaka kikombe cha uji kikawa kinagonga meno. Nilikaa nyuma ya jiko la msiba, punje kiganjani. Bado ilikuwa na joto na ilikuwa inatetemeka, inamtafuta mtu.

Simu ililia. Madam Chengula.

"Nukta yake ni nyekundu. Irudishe kabla jua halijazama," akasema. "Nitaandika kwamba ni mtandao wa huko milimani. Mtoto atafanya mtihani wake, na wewe hutaulizwa."

"Madam, mnajua kwamba wanaibonyeza wenyewe?"

Nilisikia saa ya ofisini kwake.

"Nitakupigia tena," akasema.

Mama Yusta akatoka na beseni. Alikuwa amesikia. "Mrudishie," akasema. Hakuwa na ukali tena, alikuwa amechoka tu. "Wewe ni mtu wa kuondoka, Mzee Mbano. Umeondoka kila mahali. Mimi ndiye nitakayekaa naye usiku huu, na kesho, na keshokutwa, anatetemeka hivyo. Utamwambia nini mwakani akiwa amekaa nyumbani?"

Akamwaga maji, akarudi ndani.

Niliiangalia ile punje. Nikawaza, namnyima mtoto kitu, au namrudishia kitu, nami sikijui hata ladha yake. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini koti la Lazaro lilikuwa bado mwilini mwangu, lilikuwa linanuka ulanzi na moshi wake, na tangu nifike nilikuwa nimechekesha watu wote, mimi mwenyewe hakuna aliyenipa nafasi ya kulia. Nikaibandika nyuma ya sikio langu. Ikashika. Nikabonyeza, nikabana pumzi, nikaachia.

Sijui niseme vipi. Ulishawahi kuwa kwenye nyumba ya bati, mvua kubwa inapiga, humsikii hata aliye kando yako, halafu ikakatika ghafla? Lazaro alikuwepo kifuani, halafu hakuwepo. Nilijua amekufa, kama ninavyojua kwamba Iringa ni mji. Nikabonyeza tena.

Yusta akatokea mlangoni. Macho yalikuwa yamevimba kama ameng'atwa na nyuki, kanga ya mama yake begani. Aliniona nimekaa na koti la baba yake. Midomo ilikuwa inamcheza, lakini nilimwona anajikusanya, anatafuta, anapata.

"Wewe Mngoni," akasema, sauti imekauka. "Shimo umenyimwa, sasa unaiba koti? Livue kabla sijaita mbwa, kama tumembakiza hata mmoja."

Lilikuwa tusi zuri. Lilikuwa na Lazaro ndani yake, mpaka kile kikohozi. Nilisikia kila neno, nikaliona ni zuri, kama unavyoona kitu kizuri dukani upande wa pili wa barabara.

"Asante, mjukuu wangu," nikasema. "Maoni yako nimeyapokea."

Kanga ikamdondoka begani.

Akanijia bila kukimbia. Akageuza kichwa changu kwa vidole viwili kama anavyogeuzwa mtoto mchafu masikio, akaileta sumaku, nikasikia ule mlio wa kiroboto. Na Lazaro akanirudia kwa mara moja. Nilijiinamia kwenye lile koti nikalia kama mtu aliyepigwa, na yeye amesimama kando yangu, mkono mmoja juu ya kichwa changu, mwingine umeshika ile punje.

"Ilikuwa tamu, babu?"

"Tamu sana," nikasema.

"Eeh," akasema. "Ndiyo ilivyo."

Akaiangalia inavyotetemeka. Mkono wake nao ulikuwa unatetemeka, na kwa muda sikuweza kujua kipi kinatetemesha kipi. Kidole kilianza safari ya kwenda sikioni. Nilikiona. Kidole kikafika shavuni, kikasimama, kikafuta kamasi.

Akainama jikoni, akaisukumiza punje katikati ya mafiga, chini ya sufuria la maharage ya waombolezaji. Ikapasuka kwa sauti ndogo, na wanawake wakageuka kutazama nani ametia chumvi motoni.

Simu ikalia tena. Niliinua nikaona jina la Madam. Nikamtazama Yusta.

"Mwambie," akasema, akiwa bado analia, "mwambie niko nyekundu."